Uzi: Vienna mpaka Dar kwa baiskeli. Kwanini naanzia ugenini narudi nyumbani

Kiraka

Wakuu habari za majukumu. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite tu atarudi jioni.

Kuna plani nimekaa nayo muda sasa, kupita mabara matatu kwa baiskeli, Ulaya, Asia, Afrika, na ndo itakuwa safari yangu ya kwanza ya mbali hivo. Kila ninayemwambia anajua naondokea Dar naelekea juu, naagwa na bendera na ngoma. Hapana. Mimi napanda ndege na baiskeli yangu imekunjwa kwenye boksi mpaka Vienna, afu naendesha kurudi nyumbani. Naweka sababu hapa mzipinge saivi kabla sijalipa tiketi.

Kubwa kuliko zote ni pasipoti. Ukisoma blogu za wazungu kuhusu hizi safari utakuta maelezo ya baiskeli na hema na jiko mpaka unachoka, habari ya visa mistari miwili imeisha. Sisi ruti yetu inachorwa na pasipoti kwanza, ramani baadae. Visa ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, unaombea nchi unayoishi, huruhusiwi kuomba zaidi ya miezi sita kabla ya safari, na ikitoka inatoka na tarehe zake. Sasa umetoka Dar unapiga kilomita sabini kwa siku, unapumzika, unaumwa tumbo, unasubiri kibali sehemu, ukifika Istanbul ile visa imeshaisha au hukuwahi kuwa nayo, na ubalozi wa pale watakuuliza wewe unaishi Uturuki? Huishi, basi rudi kwenu ukaombe. Umekwama mlangoni mwa Ulaya na miguu yako imeshaiva kwa safari. Ukianzia Vienna ile visa ngumu unaanza kuitumia siku unatua, ikiwa mbichi, na kadri unavyoshuka mambo yanalainika mpaka Namanga unagonga muhuri kama mtu aliyetoka sokoni.

Halafu visa hiyohiyo ndo inakusaidia mbele. Uturuki wana visa ya mtandaoni ambayo kwa pasipoti nyingi za Afrika, yetu ikiwemo, unaipata ukiwa na visa ya Schengen ambayo bado hai, mwezi mmoja, kuingia mara moja. Ukitokea chini unaikosa hiyo njia.

Ruti yenyewe: Vienna, Bratislava, Budapest kwa kufuata mto Danube, naingia Romania, navuka daraja la Calafat kwenda Vidin Bulgaria, Sofia, Plovdiv, Edirne, Istanbul. Hapo ni kama kilomita 1,700. Navuka mlango bahari wa Bosphorus kwa feri maana yale madaraja makubwa baiskeli hairuhusiwi, naendesha mpaka Antalya, naruka Kairo, nafuata mto Naili mpaka Aswan, naruka Addis, nashuka Moyale, Marsabit, Isiolo, Nairobi, Namanga, Arusha, Segera, Chalinze, nyumbani. Jumla haifiki 6,000.

Karibuni kwa mawe.

Mwananyamala Kwetu

Mkuu hiyo hela ungenunua kiwanja Chanika ukajenga hata vyumba viwili vya kupangisha. Ila kila mtu na ugonjwa wake.

Swali langu la ukweli, kwanini unaruka ruka na ndege? Kuvuka mabara gani huko, si useme unatembelea miji.

Kiraka

Chanika nimesikia mkuu, ntaenda kuiona kwa baiskeli.

Kuhusu kuruka: Sudan ina vita tangu tarehe 15 Aprili 2023. Zamani watu walikuwa wanatoka Aswan wanaingia Wadi Halfa wanapiga jangwa mpaka Khartoum, na waliopita wote wanawasifia Wasudani kwa ukarimu, ila saivi mtu anayekwambia pita hapo kwa baiskeli hakupendi. Na kutoka Uturuki kwenda Misri bila ndege ni Syria, Jordan, Sinai. Serikali ya Syria ilianguka Desemba 2024 na mambo bado hayajakaa, kuna wazoefu wanajaribu, mimi mgeni wa hii kazi siendi kujifunzia pale. Ndege mbili zile ni bei ya kubaki mzima.

Dogo wa Mbeya

Mi naona ungeenda Cape Town tu. Nchi za SADC nyingi huhitaji visa, unatoka Tunduma unaingia Zambia, Botswana, Namibia, bahari hiyo. Lugha Kiingereza, hela ndogo.

Kiraka

Hii ni hoja nzito na sina la kuipinga. Kwa mtu ambaye taarifa yake ya benki haiwezi kusimama mbele ya afisa wa visa, Cape Town ndo safari yenye akili, hamna wa kumwomba ruhusa. Mimi nina kazi yenye barua na likizo bila malipo imekubaliwa, nimeamua nitumie huo mlango ukiwa wazi. Cape Town haina mpangaji, itanisubiri.

BintiPangani

Kaka yangu salama? Mi naishi hapahapa Vienna na baiskeli ndo usafiri wangu kwaiyo ngoja nikusaidie kidogo.

Kwanza umefanya vizuri kupita Romania. Wengi wanakata Hungary kwenda Serbia, Belgrade, afu Sofia, na kwa mwenye visa ya Schengen Serbia wanakupokea bila visa yao, unaona mteremko. Tatizo ni kwamba Serbia iko nje ya Schengen na Bulgaria iko ndani, kwaiyo visa yako ikiwa ya kuingia mara moja ukishatoka Hungary umeimaliza, Bulgaria hawakufungulii. Romania na Bulgaria mipaka ya barabara imefunguka kamili tangu 1 Januari 2025, ukipita huko unaingia mara moja Vienna na kutoka mara moja pale mpakani Edirne. Hata hivo omba ya kuingia mara nyingi, usiache.

Na siku zako zihesabu vizuri, ni 90 ndani ya kila siku 180, ila wakikupa visa ya siku 45 basi haki yako ni 45, hiyo 90 ni kilele tu. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya afya isiyopungua euro 30,000, na unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Fanya hesabu ya kweli maana kwa hiyo ruti yako Romania inaweza kuizidi Austria na ukaambiwa umekosea dirisha.

Barabara sasa. Kutoka hapa mpaka Budapest ni kama kilomita 300, tambarare, njia ya baiskeli inaitwa EuroVelo 6, vibao vina namba 6 na nyota za Ulaya. Hapo usijisifu, hata watoto wanapita. Baada ya Budapest vibao vinaanza kupungua, unachanganyika na magari. Pale Orșova kwenda Drobeta, Romania, barabara imebanwa kati ya mlima na mto, malori mfululizo na pembeni hamna nafasi. Panda treni kipande hicho. Nasema tena panda treni, hamna atakayekupa medali.

Mbwa! Romania na Uturuki mbwa wa wachungaji wanakufuata wakiwa kundi. Ukijiona huwezi kuwaacha, shuka, weka baiskeli kati yako na yeye, tembea taratibu, inama kama unaokota jiwe, wengi wanaelewa hiyo lugha. Akikung'ata osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 afu hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, usisubiri kesho.

Kiraka

Dada BintiPangani Mungu akuzidishie. Hiyo ya dirisha la ubalozi sikuwa nimeipigia hesabu kwa siku za kulala, naipanga upya leo usiku.

Niongezee sababu nyingine ya kushuka badala ya kupanda, upepo. Misri upepo unatoka kaskazini muda mwingi wa mwaka, ndo maana tangu enzi za mafarao majahazi yanatweka tanga kupanda mto kwenda Aswan, na kurudi Kairo wanaachia mkondo. Ukiendesha kushuka kusini upepo unakusukuma mgongoni kilomita 900. Ukitokea Dar unaula usoni kilomita hizohizo. Hata ile safari ya kundi la baiskeli ya Tour d'Afrique, ipo tangu 2003, inatoka Kairo Januari kwenda Cape Town, haitoki Cape Town kwenda Kairo.

Na majira yanakubali. Naondoka katikati ya Agosti, Ulaya bado joto, mwisho wa Septemba niwe Istanbul. Oktoba Uturuki, ndani ya ule mwezi mmoja wa visa. Novemba Misri joto limeshapungua, kiangazi cha Aswan ni zaidi ya nyuzi 40 na huko sitaki kujuana nako. Desemba Ethiopia, mvua zao kubwa ni Juni mpaka Septemba kwaiyo nakuta pakavu. Januari kaskazini ya Kenya. Februari naingia Tanzania kabla masika hayajafungua mabomba mwezi wa tatu. Jaribuni kuigeuza hiyo kalenda mtoke Dar muone mtakutana na nini wapi.

Lori ya Moyale

Niaje bro, mimi Mkenya, hii barabara ya Isiolo Moyale naijua kama chumba changu, napeleka mizigo. Hiyo hadithi yako ya upepo wa mgongoni inaisha ukivuka border. Huku upepo unatoka kusini mashariki, na si upepo wa mchezo, lori tupu unalisikia likivutwa. Wewe ukishuka utaupokea mbele upande wa kushoto karibu siku zote mpaka uanze kuinuka kuelekea Marsabit, na ukishuka Marsabit bado uko nao. Kwa hivyo usijipangie kilomita sabini huko. Panga hamsini ushukuru.

Lami iko yote, tarmac poa kabisa, ile zamani ya mawe na convoy iliisha. Maji ndio maneno. Kutoka Moyale hadi Marsabit ni kama 250, na Turbi iko karibu katikati, afu kuna Bubisa kabla ufike Marsabit. Katikati ya hizo hakuna kitu, ni mawe meusi na ngamia. Beba lita kumi, usiniambie sijui nane. Ukiona lori limesimama omba maji, hakuna dereva atakunyima, sisi sote huku tunajua. Kulala omba kando ya polisi ama shule, pale Turbi na Laisamis watakuruhusu.

Ukishuka Marsabit unapata Logologo, Laisamis, Merille, Archers Post, hapo vituo vinakaribiana. Lakini sehemu ya Marsabit na ile ya Samburu ndovu wanavuka barabara, kwa hivyo hakuna kuendesha giza likiingia. Na uulize habari za usalama kila asubuhi, kuna siku za wizi wa mifugo watu wa huko watakwambia leo kaa. Ukiambiwa kaa, kaa.

Ethiopia sijafika mbali ila wale wa baiskeli wanaoshuka wote wananisimulia watoto na mawe. Wanarusha kwa mchezo lakini jiwe ni jiwe.

Kiraka

Kaka wa Moyale hii sijawahi kuisoma popote, asante sana. Upepo wa kushoto mbele nimeuandika kwa wino mwekundu.

Ethiopia ndo sehemu ambayo naiacha wazi. Amhara kuna mapigano tangu 2023 ila mimi siendi huko kaskazini, nataka Addis kushuka Hawassa mpaka Moyale tu, kama kilomita 770. Hata Oromia kuna sehemu hazijatulia. Kwaiyo uamuzi nitaufanyia Kairo, kama habari ni mbaya tiketi inakuwa ya Nairobi moja kwa moja, na safari inabaki kuwa safari. Nikipita, nitapita kwa adabu, nasalimia kabla sijasalimiwa, watoto wakikimbia nashuka naongea nao badala ya kukazana. Addis yenyewe iko juu zaidi ya mita 2,300, siku za kwanza pumzi itakuwa fupi.

Mwananyamala Kwetu

Mkuu nilikuja kukucheka ila naona umekaa na kitu chako. Baiskeli gani sasa? Maana mpaka hapa hujaitaja.

Kiraka

Makusudi. Baiskeli ndo kitu rahisi kuliko vyote kwenye hii plani. Nina mtumba wa fremu ya chuma, ringi za 26, niliununua hapahapa mjini. Fundi_gia akija atatoa hukumu.

fundi_gia

Nimekuja. Chuma sawa, keria nayo iwe ya chuma, ikikatika hata Merille utapata wa kuichomea. Aluminiamu ikikatika huko ndo basi.

Ringi za 26 ni sahihi ila soma namba ndogo ubavuni mwa tairi, iandike 559, yaani kipenyo cha ringi kwa milimita. Huo ndo mtumba wa baiskeli za milimani, tairi zake zipo mpaka kwenye maduka ya vijijini. Watu wanachanganya sana hapa. Baiskeli nyingi za kisasa za kusafiria ni 622, na Phoenix zetu wanaziita 28 lakini ni 635. Mtu anakuja na 622 yake imepasuka Korogwe anaambiwa tairi ya 28 ipo, anashangilia, inavaa inazunguka tupu. Milimita 13 hizo zimempandisha basi.

Gurudumu la nyuma lifumwe upya kwa spoki 36 nzuri, mzigo wote unakaa pale. Beba spoki za akiba za urefu wako mwenyewe na zile za upande wa gia pima peke yake, urefu si sawa na upande wa pili. Breki ziwe za waya. Hizi za mafuta ni tamu ila zikivuja Turbi utazimwagia nini? Gia nane nyuma zinatosha, cheni yake nene kidogo na inapatikana, hizi za kumi na moja ni cheni kama uzi na bei kama ya simu. Tairi kwa Ulaya weka pana ya lami, usiende na meno.

Mazoezi umefanya?

Kiraka

Bagamoyo kila wikiendi na mzigo kamili, mpaka watu wa Bunju wananijua. Mwezi ujao naenda Mombo kupanda Lushoto, kilomita thelathini na kitu za kupanda tu. Kama gia zangu nyepesi zinaniruhusu kupanda pale nimekaa kitini, basi Uturuki tutaelewana.

BintiPangani

Lushoto na mzigo 🙌. Kulala je? Ulaya hoteli zitakumaliza.

Kiraka

Hema na Warmshowers, ule mtandao wa waendesha baiskeli kukaribishana. Unamwandikia mtu siku kadhaa kabla, anakupa sehemu ya kulala na bafu, na wewe siku ukirudi kwako unakaribisha wengine. Ila ubalozi hawataki kusikia habari ya hema, nitaweka bukingi za kweli zinazoweza kuahirishwa kwa usiku wa mwanzo na sehemu kubwa. Uturuki wanasema unaomba kwenye vituo vya mafuta, wanakuruhusu kupiga hema nyuma, choo kipo, chai inaletwa hujaagiza. Misri hoteli za bei ya chini, sehemu za Minya na Asyut polisi wana kawaida ya kukusindikiza na gari, wakati mwingine wanakutaka upakie baiskeli kabisa, na ukibishana unapoteza siku. Wakisema pakia napakia. Kenya na nyumbani gesti, misheni, vituo vya polisi.

Visa ya Misri naulizia ubalozini kwao Dar kabla sijatoka. Kadi ya homa ya manjano ninayo, siku hizi chanjo moja ni ya maisha, nimeilaminisha.

Dada wa Usagara

Samahani naingia mwishoni. Mimi naendesha pia, natamani kipande cha Namanga kuja Same. Mwanamke peke yangu siwezi huko juu wanakosema ndovu ila hapo naona naweza. Utakubali kampani au ni safari ya wanaume?

Kiraka

Karibu sana dada, hakuna umiliki wa barabara. Ila tuelewane mapema, mimi ntakuwa nimechoka, mweusi tii, na mwendo wangu wa mkokoteni. Hiyo barabara shida yake ni mabasi, kwaiyo funga kioo cha pembeni kwenye hendo, ukiona basi linakuja nyuma na lingine mbele teremka kwenye vumbi usisubiri busara ya dereva. Tarehe naweka hapa nikifika Isiolo, kabla ya hapo ni maneno tu.

Lori ya Moyale

Ukifika Marsabit uandike hapa. Kama niko upande huo nitakununulia nyama ya ngamia.

Kiraka

Deni hilo kaka.

Kesho naenda benki kuchukua taarifa ya miezi sita na barua ya kazini wiki ijayo. Boksi la baiskeli nimeshaliomba duka moja la mjini wananiwekea. Fundi_gia, nimejaribu kufungua pedeli nipime boksi, ya kulia imetoka, ya kushoto imegoma kabisa nimening'inia mpaka spana imepinda.

fundi_gia

Acha kuning'inia utaua uzi wa krenki, ule mkono unaoshika pedeli! Ya kushoto uzi wake ni wa kinyume mkuu, unafungua kwa kuzungusha mwelekeo wa saa. Mwagia mafuta usiku huu, jaribu asubuhi kwa spana ndefu, na siku unazirudisha paka grisi zote mbili, usije ukanipigia simu kutoka Vienna.